Chaki Kabla ya Uzi

Mvua ya Nakuru haina adabu. Inaweza kukuacha utoke nyumbani na miwani ya jua, kisha ikuangukie ukiwa katikati ya barabara. Siku hiyo ilimwagika mjini wakati watu wamejaa tele, na veranda ya maduka ya vitambaa karibu na Top Market ikawa haina pa kukanyaga. Kulikuwa na akina mama na mifuko ya sukuma wiki, wauza soksi, wanafunzi, na mzee mmoja aliyemkumbatia jogoo wake kwa upendo mkubwa.

Nerima aliingia wa mwisho. Alikuwa amevaa blauzi ya krimu aliyoipiga pasi asubuhi hadi ikanyooka, sketi ya bluu iliyomkaa vizuri, na nywele zilizosukwa mistari ya kurudi nyuma. Kwa bahati mbaya, mkokoteni wa viazi ulikuwa umempitia karibu mno alipokuwa akikimbia mvua, ukaunasa mkono wa blauzi na kuupasua kutoka begani hadi kiwiko.

"Madam, hiyo mkono nikushonee ama ndiyo fashion?"

Aliyeuliza alikuwa ameketi nyuma ya cherehani. Jina lake lilikuwa Nicodemus Okeyo, kijana mrefu, mtoto wa fundi wa reli, ambaye badala ya kufuata vyuma vya baba yake alifuata sindano. Alikuwa na shati la kitenge alilojishonea mwenyewe, utepe wa kupimia shingoni, na kipande cha chaki ya bluu nyuma ya sikio.

"Niko na haraka, boss. Naenda kupigwa picha," Nerima alisema.

"Na bega likiwa nje hivyo? Kaa hapa. Mvua yenyewe haijakubali uende."

Nerima aliketi. Nico akatoa chaki sikioni na kuanza kuchora mstari mwembamba kando ya mpasuko.

"Sasa unachora nini? Si ushone tu."

"Uzi ukikosea, kuutoa unaacha matundu. Chaki ukikosea unapangusa," Nico alijibu bila kuinua macho. "Mimi sishoni kitu kabla ya kuchora."

Alishona kwa mkono, polepole, asimchome. Nerima aligeuza uso upande wa barabara, akaanza kunong'ona peke yake. Nico alisikiliza, akasikiliza tena, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Sista, unaomba?"

"Nasoma."

"Bila kitabu?"

"Majina ya dawa. Amoksisilini, metronidazo, siprofloksasini."

"Afadhali. Nilidhani umeshukiwa na roho, na mimi ndio nimekushika mkono."

Nerima alicheka, mzee wa jogoo naye akacheka, na kuanzia hapo maneno yakaja yenyewe. Alimweleza kwamba amemaliza diploma ya ufamasia, ile ya watu wanaosimama kwenye kaunta ya chemist wakikuelekeza namna ya kumeza dawa. Lakini kumaliza chuo si mwisho. Kulikuwa na mtihani wa Bodi ya wafamasia, na picha aliyokuwa akiikimbilia ilikuwa ya maombi ya mtihani huo.

"Nikipita ndio niandikishwe," alisema. "Nikiandikishwa ndio niombe kazi."

"Kwani huwezi anza kuomba saa hii, ukingoja?"

"Wengi wanafanya hivyo. Halafu inspekta wakija, unaingia chini ya kaunta na masanduku. Mimi sitaki kazi ya kujificha. Mama yangu ameuza viazi Kaptembwo miaka yote hiyo, hakuniuzia viazi nikaingie chini ya kaunta."

Nico alikata uzi kwa meno. Mkono wa blauzi ulikuwa mzima, na mshono haukuonekana mpaka uutafute. Nerima alipofungua pochi, yeye akatikisa kichwa.

"Siku utapita, uniletee dawa ya mgongo. Hii kazi ya kuinama itaniua."

"Dawa ya mgongo ni kukaa wima, fundi."

Nico akakaa wima hapo hapo. Mapenzi yalimshika wakati huo, mbele ya jogoo na wauza soksi, nami simlaumu.

Simu zilifuata. Kwanza zilikuwa za kuuliza kama mshono umeshika, na mshono ukashika sana kwa sababu uliulizwa kila siku. Baadaye Jumapili wakawa wanakutana Nyayo Gardens baada ya kanisa, wanatafuna mahindi choma, wanacheka watu waliovaa suti zisizowatosha. Nico alimwita Daktari. Nerima alimwambia kila mara, "Mimi si daktari," na Nico akaendelea kama hakusikia. Mtihani ulipofika alimsindikiza hadi stendi ya magari, akasimama pale akipunga mkono hata gari lilipokwisha kupotea.

Sasa nitakuambia jambo ambalo Nico hakulijua, na lililokaribia kuharibu kila kitu. Matokeo yalitoka. Nerima alikuwa amepita masomo yote isipokuwa moja, hesabu za dozi: kiasi gani cha dawa apewe mtu wa uzito gani, mara ngapi. Katika mtihani ule, kuanguka moja ni kuanguka. Angelazimika kurudia somo hilo.

Alimwambia mama yake, Edinah, wakiwa jikoni. Nico alipopiga simu kuuliza, alisema bado matokeo hayajatoka. Si kwamba alipenda uongo. Veranda nzima ilikuwa imeshaambiwa kwamba fundi Okeyo ana mchumba wa madawa, hata mwenye duka la vitambaa alianza kumuuliza Nerima kuhusu presha yake. Nerima aliona aibu, na aibu ikamfunga mdomo.

Nico naye alikuwa na siri yake, ya furaha. Shangazi yake, Anyango, alikuwa na chemist ndogo pale pale Kaptembwo. Mfamasia aliyemwajiri, Jamleck, alikuwa amepata kazi nyingine huko Mau Narok, lakini cheti chake kilibaki kikining'inia kwenye msumari ukutani, na shangazi akaendelea kuuza dawa chini ya jina la mtu ambaye yuko kwenye mashamba ya ngano akitibu watu wengine.

"Auntie, Nerima amemaliza kila kitu, anangoja tu matokeo," Nico alimwambia. "Mchukue yeye."

"Ni msichana mtaratibu?"

"Kuliko mimi."

"Hiyo si kazi ngumu," Anyango alisema. "Mwambie aanze Jumatatu. Cheti cha Jamleck kitatushikilia mpaka chake kije."

Nico alirudi kwenye cherehani kama aliyeokota dhahabu. Akakata koti jeupe kwa kumbukumbu ya macho, bila hata kumpima, na kifuani akatarizi kwa uzi wa bluu: NERIMA, na chini yake cheo chenyewe, PHARM TECH. Furaha ilimzidi, na kwa mara ya kwanza tangu ajue sindano, alishona bila kuchora chaki.

Alimpa Jumapili, Nyayo Gardens, limekunjwa ndani ya karatasi ya zawadi yenye maua. Nerima alilifungua akitabasamu. Aliposoma kifuani, tabasamu likaondoka.

"Nani alikuambia uandike hii?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni yako, mpenzi. Na kazi iko. Jumatatu unaingia kwa duka ya auntie."

"Na cheti?"

"Kuna ya Jamleck kwa ukuta. Ni ya kusukuma siku tu."

Nerima alilikunja koti taratibu, akaliweka kwenye benchi kati yao. Moyo wake ulikuwa ukimwambia, sema sasa, sema ulianguka. Alitazama ile PHARM TECH ya bluu na kuona kama inamcheka.

"Siwezi vaa hii koti, Nico. Na kwa duka ya auntie yako siendi."

"Kwani ina nini? Ni sababu iko Kaptembwo? Hata wewe unalala Kaptembwo."

"Sijasema hivyo."

"Basi sema. Unangoja zile chemist za tao, huko mjini, za vioo na AC. Sisi watu wa veranda hatutoshi."

"Nico, tafadhali usiniwekee maneno mdomoni."

"Weka yako basi. Si ninangoja?"

Hakuyaweka. Alisimama, akajifuta vumbi la mahindi kwenye sketi, akaondoka bila kugeuka, kwa sababu angegeuka angelia. Nico alibaki na koti kwenye benchi na hasira ya mtu aliyetoa kitu kwa mikono miwili kikarudishwa.

Majuma yakapita bila simu. Nerima alisoma hesabu za dozi mpaka zikamfuata ndotoni. Edinah alimtazama tu, hadi jioni moja walipokuwa wakichambua viazi vya kuuza kesho yake.

"Huyo kijana umemwambia?"

"Nitamwambia nikipita, mama."

"Kwa hivyo akupende ukishapita? Na sasa hivi akufanyeje?"

Nerima akaendelea kutenga viazi vilivyooza.

Jumamosi moja mchana, Anyango alikwenda kwenye mazishi Kabazi. Alimwomba Nico amkalie dukani ili asifunge siku nzima. "Uza sabuni, pamba na plasta," alimwonya. "Dawa usiguse." Nico alikaa wima kwenye kiti cha kaunta, macho yakienda kila mara kwenye cheti cha Jamleck.

Akaingia mama mmoja wa mtaani, Chepngeno, na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa ameegemeza kichwa, macho nusu wazi, mashavu yanawaka.

"Boss, nipee ile syrup ya pinki ya homa. Mtoto amechemka tangu jana."

"Mwenye duka hayuko, mathe."

"Si hiyo hapo nyuma yako? Naijua. Nipee tu."

Ilikuwa pale kweli, ameipa mgongo. Mtoto alilia kidogo, kilio cha kuchoka, na Nico akaona ni ukatili kumnyima mtu chupa iliyo karibu hivyo. Aliichukua. Akaigeuza. Maandishi yalikuwa mengi na madogo. Hapo mkono wake wenyewe ukatafuta simu, na ukapiga namba ambayo hasira ilikuwa imeukataza kupiga.

Nerima alishika mara moja. "Hallo."

"Ni mimi. Niko kwa duka ya auntie, usikate. Kuna mathe hapa na mtoto ana joto mbaya. Ameomba hii ya pinki. Nimwambie vijiko vingapi?"

"Unauza dawa, Nico?"

"Sijauza. Nimeshika tu."

"Rudisha chini. Niweke kwa speaker." Sauti ikajaa duka. "Mama, habari. Huyo mtoto amekunywa nini tangu jana?"

"Kuna ingine ya mafua nilinunua pale juu," Chepngeno alisema, akatoa chupa ya kijani kwenye mfuko. "Hii. Nimempa jana, usiku, na asubuhi. Haimsaidii, ndio nimekuja kwa hii kali."

"Nico, soma yale maandishi madogo ya hiyo ya kijani, chini ya jina kubwa."

Nico alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. "Pa-ra-se-ta-mo. Na zingine."

"Sasa ya pinki."

Alisoma, akasoma tena. "Ni ile ile."

"Majina mawili nje, dawa moja ndani. Ukimwongezea bila kujua amepata kiasi gani, unaweza kumuumiza ini."

"Basi nimpe nusu?"

"Usimpe kitu. Waende health centre sasa hivi na wabebe chupa zote mbili, wazioneshe. Hapo ndio watapima."

"Nerima, wewe umesoma hii maneno. Niambie tu dozi."

"Siwezi kukuambia."

"Wewe ndio pharm tech."

Kwenye simu kulisikika kitabu kikifungwa.

"Mimi si pharm tech," Nerima alisema. Sauti hakuipunguza. "Nilianguka, Nico. Matokeo yalitoka kitambo. Niliangushwa na hiyo hiyo paper ya dozi. Sasa peleka huyo mama, mengine tutaongea."

Nico alifunga duka, akasimamisha boda boda, akampandisha Chepngeno na mtoto, yeye akafuata kwa nyingine. Alikaa nao kwenye foleni akiwa ameshika chupa mbili kama mtu aliyetumwa na serikali. Daktari aliziangalia zote, akauliza maswali, akamchukua mtoto ndani kupimwa damu. Haikuwa mafua. Ilikuwa malaria, na walikuwa wamefika kabla haijamzidi. Mtoto alilazwa siku chache, akatoka akidai maandazi.

Kesho yake baada ya kanisa Nico alikuwa mlangoni pa Edinah, na shati la kitenge limepigwa pasi. Edinah alimkaribisha ndani, akakumbuka ghafla kwamba ana viazi vya kupeleka kwa jirani, akawaachia nyumba.

"Mtoto?" Nerima aliuliza.

"Anaendelea poa. Chepngeno anakutafuta akushukuru. Na mimi pia nimekuja na hiyo hiyo." Nico alitazama mikono yake. "Ningempa, Neri. Nilikuwa nimeshashika kifuniko. Ningempa kwa roho safi kabisa, na ningelala vizuri."

"Ulipiga simu."

"Nilipiga kwa sababu nimekumiss. Dawa ilikuwa sababu ya pili." Nerima alicheka huku machozi yakishuka. Nico akasogea. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshashona. Ningekuambia nini, fumua? Niliona ukijua nimeanguka utaona umependa mtu wa uongo."

"Na mimi nikaona umechoka na fundi wa veranda."

"Fundi wa veranda ndiye aliyenipeleka kwa picha na mkono mzima. Wengine waliona nimelowa, wewe uliona nimepasuka." Alimshika mkono. "Nisamehe, Nico. Nilipaswa kukuambia siku hiyo hiyo."

"Mimi ndio nisamehe. Niliandika kabla ya wewe kuniambia niandike."

Jioni hiyo Nico alimweleza shangazi yake kila kitu, bila kuficha kifuniko. Anyango alisikiliza akiwa bado na leso ya mazishi ya jana begani. Alipanda kwenye kiti, akakitoa cheti cha Jamleck msumarini, akakifuta vumbi. "Nilikuwa najiambia ni karatasi tu," alisema. "Mungu amenihurumia, nisiue mtoto wa mtu." Akaweka kufuli kwenye kabati la dawa, akampigia Jamleck aje achukue mali yake. Dukani zikabaki sabuni, pamba na plasta, na msumari mtupu ukutani.

Nerima alirudi kwenye vitabu, lakini safari hii hakusoma peke yake. Mchana alipiga simu, Nico akaiweka kando ya cherehani na kumuuliza maswali aliyokuwa ameandikiwa.

"Mtoto ana kilo kumi na mbili. Daktari ameandika hiyo... Neri, hii jina siwezi. Imekaa kama jina la mji wa Urusi."

"Ruka jina, niambie miligramu."

"Ukipita nitakuacha. Siwezi oa mtu anajua haya yote na mimi najua tu kiuno."

"Kiuno cha nani, fundi?"

"Cha wateja, mpenzi. Cha wateja pekee."

Alirudia mtihani. Siku ya matokeo Nico alikuwa anashona sare za shule, na simu ikalia.

"Fundi."

"Sema, Daktari."

"Mimi si daktari."

"Basi sema wewe ni nani."

"Mimi ni pharm tech," Nerima alisema, na ndipo wote wawili wakaanza kulia. Kuna mwanafunzi fulani Nakuru aliyevaa sketi yenye machozi ya fundi kwenye pindo, na hajui mpaka leo.

Alipoandikishwa na kupata cheti chake, Nerima alianza kuomba kazi kama watu wote. Anyango naye alitaka barua. "Usidhani utapitia kwa Nico," alimwambia. "Leta maombi, uje interview, nikuulize maswali." Aliuliza maswali mengi, mengine ya dawa na mengine ya kupika samaki. Mwishowe alimwonesha ule msumari. "Hiyo ni yako, mama. Umeingojea kwa njia nzuri, na mimi nashukuru umenifundisha kungoja."

Siku moja kabla ya kuanza kazi, Nerima alifika veranda ya Top Market. Alivaa ile blauzi ya krimu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima Menengai na watu walikuwa wanaharakisha.

"Nimekuja kuchukua koti yangu."

Nico alilitoa kwenye mfuko wa plastiki, jeupe, lisilo na doa. Kifuani palikuwa na NERIMA peke yake. Chini yake zilibaki safu za matundu madogo.

"Nilifumua ile siku nilitoka health centre," alisema. "Jina nikaliacha. Jina lilikuwa lako tangu zamani."

Nerima alipitisha kidole kwenye matundu, moja baada ya lingine. Alitaka kusema asante, ikaonekana ndogo, akaisema hivyo hivyo. "Asante, Nico. Kwa kila kitu."

"Sasa niruhusu?"

"Andika."

Nico akatoa chaki sikioni, akachora herufi juu ya yale yale matundu ya zamani, kisha akazifuata kwa uzi wa bluu, Nerima akiwa amemshikia koti lisikunjike. PHARM TECH ikarudi mahali pake. Alipokata uzi, Nerima alinyoosha mkono, akaichukua chaki vidoleni mwake. Akainama, na mbele ya wauza soksi akaandika kwenye koti, kando ya jina lake: OKEYO.

Nico aliliangalia neno lile.

"Ni chaki tu, fundi," Nerima alisema kwa sauti ya chini. "Kuja nyumbani na auntie na wazee wenu, muongee na mama vizuri. Akikubali, ndio ushone."

Matone ya kwanza yakaanguka kwenye bati la veranda, kisha yote kwa pamoja, na upepo ukaisukuma mvua hadi kwenye meza. Nicodemus aliviacha vitambaa vya wateja vilowe. Alilikumbatia lile koti kifuani, akaigeuzia mvua mgongo ili chaki isifutike.